Daftari la Quito Halikuungua

(Nimeinakili kutoka daftari langu la miaka ya vita. Nimesahihisha herufi tu. Aibu nimeiacha ilivyokuwa.)

Gitega, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna.

Nina wivu.

Nilianza kwa kuandika kwamba nimechoka, nikafuta, maana jana nililala vizuri na leo hakuna mteja aliyekuja. Mtu hachoki kwa kukaa barazani na cherehani yake akitazama mvua ikichimba matope ya mtaa wetu wa Nyamugari. Ni wivu, na ninayemwonea ni Rehema, binti wa mama yangu mdogo, ambaye hajanikosea kitu.

Wiki mbili zilizopita nilipata barua yake kutoka Muyinga, imeletwa na Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira anayesafirisha mchele na maharage kwa lori kati ya Muyinga na hapa. Rehema ni mkalimani kwenye zahanati ya wageni inayowapokea watu wanaorudi kutoka Tanzania. Pale kuna muuguzi anaitwa Lusia, mtu wa Quito, mji mkuu wa Ekwador, huko Amerika ya Kusini, juu milimani. Mkataba wa Lusia unaisha mwezi huu. Anarudi kwao, na Rehema anakwenda naye kutembea wiki sita. Tiketi ni zawadi, pasipoti anayo, visa imeshagongwa.

Na si safari ya hoteli. Siku tatu za kwanza watakaa kwa mama yake Lusia wakinywa vitu vya moto bila kupanda popote, maana mji uko juu sana na mgeni huhema kama aliyebeba gunia la mkaa. Baada ya hapo kila mmoja atafunga begi lake mgongoni. Watazunguka mitaa ya zamani yenye miinuko, watalala kwenye vyumba vya bei nafuu ambamo watu wasiojuana hupangwa kitanda juu ya kitanda, watapanda mlima wa moto ulioinamia mji, kisha basi mpaka kwenye mstari wa ikweta wasimame mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Kurasa nne nzima. Ameniandikia mpaka rangi ya soksi.

Mimi safari yangu ndefu mwaka huu ilikuwa Mutoyi, kushonea wanakwaya wa misheni, na nilirudi mbio kabla ya saa ya kutotoka nje.

Mwisho wa barua aliniomba vitu viwili. Cha kwanza, nimshonee hilo begi, sakado kubwa la turubai, kwa sababu ya dukani huchanika mikanda. Cha pili, nimpelekee daftari la Quito, kama bado ninalo.

Ninalo. Liko chini ya vipande vya kitenge, kwenye sanduku la nyuzi. Halijawahi kutoka hapo.

Wakati tuko watoto, kaka yake Rehema, Yusufu, alikuwa anakaa kwetu hapa Nyamugari kwa ajili ya shule. Rehema alikuja likizo. Yusufu alikuwa na miaka kumi na tano, mimi kumi na tatu, Rehema kumi. Siku moja Yusufu aliazima atlasi ya shule, akatuonyesha kwamba mstari wa ikweta unapita juu kidogo ya nchi yetu, halafu ukiufuata kwa kidole unafika karibu kabisa na mji mmoja kwenye milima. Quito. Tukaamua kwenda kwa miguu. Tulikuwa tumeshajua njia: tupande kaskazini mpaka tuukute mstari, tugeuke kushoto, tuufuate. Hatukuwa na shaka kwamba umechorwa chini kama ule wa kiwanja cha mpira.

Yusufu akafungua daftari jipya akapanga safari. Ana mwandiko wa kulala, herufi zimeegemeana. Blanketi moja. Sufuria ndogo. Chumvi. Tochi. Viatu vya Zuena vya Idi, visivaliwe kabla. (Zuena ni mimi.) Na mbele ya neno "bahari" aliandika: "Tutauliza huko huko."

Naandika "ana mwandiko" kana kwamba yupo.

Mwaka wa tisini na tatu mambo yalipoharibika, Yusufu alikuwa amekwenda Muyinga kumwona mama yake mgonjwa. Daftari likabaki kwetu. Wao wakavuka mpaka kwenda Tanzania, na nyumba yao ikaungua na kila kilichokuwamo, picha zote, vyeti vyote. Yusufu alifia kambini miezi ya mwanzo, kwa kuhara damu. Mama mdogo akafuata baadaye. Rehema alikulia kule, akasoma kule, akajifunza Kiingereza kwa wageni wa kambi, akarudi anaongea Kiswahili kilichonyooka kama cha redio.

Sasa niandike lile ambalo siwezi kumwambia mtu. Nilipoisoma barua yake niliwaza: angalau wewe ulikimbia. Niliwaza kwamba kambi ilimpa lugha, lugha ikampa kazi, kazi ikampa Lusia, Lusia akampa Quito, na mimi niliyebaki nimepata nini zaidi ya kujua mlio wa risasi uko umbali gani. Nilimwonea wivu mkimbizi. Nilimwonea wivu mtu aliyezika kaka na mama kwenye udongo wa kuazima. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Kwa hiyo Papa Furaha alipopita kuchukua jibu, nilimwambia begi nitalishona. Daftari, nikasema, liliungua.

Ilikuwa rahisi mno. Nchi hii leo ukisema kitu kimeungua hakuna anayekuuliza kiliunguaje. Anainamisha kichwa, anasema pole, anageukia mengine. Papa Furaha naye aliinamisha kichwa, akasema pole.

Begi nimelishona, na nimelishona vizuri. Nashukuru mikono yangu haina wivu. Nimepiga mshono mara mbili kwenye mikanda, nimeweka mfuko wa siri wa pasipoti, nimetia kipande cha blanketi mahali pa mabega. Nililipima mgongoni mwangu. Nikasimama nalo mbele ya kioo muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji.

Leo saa nne asubuhi Papa Furaha alirudi. Alikaa kwenye benchi langu, akakamua maji kwenye kofia, na niliona kwamba ana neno.

"Mi nilimwambia vile ulisema," akaanza. "Akalia, Zuena, akalia kabisa. Anasema maandiko ya kaka, grand frère yake, ilikuwa mu ile kaye, ile daftari. Anasema hana kitu ingine yake, hata foto."

Nilijua. Hilo ndilo baya lake. Nilijua siku ile ile kwamba Rehema haombi orodha ya sufuria na chumvi, anaomba mkono wa kaka yake. Sikutaka kulijua, nikageukia upande mwingine.

Alinipa karatasi ndogo. Rehema ameandika kwamba nisihuzunike, kosa si langu, vita havikumuuliza mtu. Akaniomba kitu kimoja: kama nakumbuka hata mistari miwili ya ile orodha, nimwandikie. "Mwandiko wako ulifanana na wake, dada, kwa sababu ni yeye aliyekufundisha. Nikiuona nitaridhika."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wangu ulikwenda Muyinga ukarudi, tena umebebeshwa pole.

Mtu mwema angelia. Mimi nilitafuta kalamu.

Nilimwambia Papa Furaha apite baadaye, nikaingia ndani, nikalitoa daftari, nikalifungua juu ya meza, nikaanza kunakili. Ndiyo. Nilitaka kumpelekea nakala niseme nimekumbuka, na lenyewe nibaki nalo. Nililaza herufi kama anavyozilaza yeye. Blanketi moja. Sufuria ndogo. Zilitoka sawasawa mpaka mwili ukanisisimka.

Nikafika ukurasa wa mwisho, ambao Rehema pengine amekwisha kuusahau. Yusufu aliandika hapo: "Wasafiri: Yusufu, Rehema, Zuena." Chini yake akaongeza: "Zuena haachwi, hata akilalamika."

Hiyo ndiyo sababu. Nimeizunguka tangu asubuhi, sasa naiandika. Sina pasipoti, sina visa, sina rafiki wa milimani. Katika dunia nzima kuna karatasi moja tu inayosema kwamba na mimi nakwenda Quito, na Rehema alitaka nimpe.

Kalamu ilikuwa bado juu ya jina langu mama alipoingia na ungo wa maharage. Aliliona daftari. Analijua, ndiye aliyelinunua. Na alikuwapo barazani siku ile nilipomwambia Papa Furaha kwamba limeungua; alinyamaza kwa kuwa alidhani huenda liliharibika bila yeye kujua.

Alikaa, akachambua maharage kidogo. Mama hapandishi sauti. Mbaya zaidi.

"Nyumba yetu haijawahi kuungua, Zuena," akasema. "Wenzetu zao zimeungua kweli. Wewe ya kwetu umeichoma kwa mdomo, na sisi tumo ndani."

Hapa kwetu mtu hataji moto juu ya paa lililosimama. Mama miaka yote hii anapita akigusa fremu ya mlango kila asubuhi, anashukuru kwamba ipo. Mimi nilichukua msiba wa Rehema, nikauvaa kama nguo ya mtu, nikaupeleka mbele yake mwenyewe. Nilitaka kujitetea. Nilifungua mdomo nikasema, "Yeye anakwenda, mama."

"Anakwenda," mama akasema. "Na Yusufu?"

Akaendelea na maharage yake. Nikaichana nakala vipande vidogo, nikaitia kwenye moto wa jiko.

Papa Furaha aliporudi nilikuwa nimefunga begi kwenye gazeti. Mama akadhani daftari limo. Hata mimi nilikuwa nimelitia, nikalichomeka kwenye ule mfuko wa siri, nikawaza Rehema atalikuta mwenyewe, labda huko Quito, na hatanitazama usoni. Kisha nikaona kwamba huo ni uongo wa pili, umeshonwa tu vizuri zaidi. Nikalitoa.

Nimemuuliza kama ana nafasi mbele, kwenye kabini ya lori, nimpelekee Rehema mwenyewe. Amenitazama, akauliza kama nina haraka kiasi hicho, maana barabara ya Karuzi si ya kuchezea na wiki iliyopita msafara ulirudishwa njiani. Nimesema Rehema anashuka Bujumbura Jumatano kupanda ndege. Akasema basi Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu nimkute pale wanapopanga magari nyuma ya askari, nisichelewe, hawamngoji mtu. Tangu vita vianze sijavuka Karuzi.

Naogopa. Nimefunga nguo mbili, kitambulisho, begi la Rehema na daftari. Mama amenisomea dua jioni hii, ingawa Jumatatu bado, labda kwa kuwa ananijua.

Sina hakika kwamba nimetubu. Nikiwaza Rehema amesimama juu ya mlima ule akihema, mji wote chini yake, wivu uko pale pale kama zamani. Mama anasema wivu huisha ukitenda haki. Labda wa watu wengine. Wangu umekaa, unangoja kuona nitafanya nini.

Nitampa daftari kwanza, hata kabla ya salamu, maana nikianza na habari za nyumbani nitaupata mdomo wangu unatunga kitu. Nitasema halikuungua, nililificha. Jina langu litakwenda Quito mgongoni mwake, na mimi nitarudi Gitega na msafara wa Alhamisi.

Hayo nimeyakubali. Ninachoogopa zaidi ya barabara ni kwamba namjua Rehema. Atanisamehe kabla sijamaliza kusema, na hapo nitamwonea wivu hata kwa huo moyo wake.