Povu la Choo cha Ofisi

Jumanne, Rangwe

Figo zangu ni nzima. Naanza na hilo ili nipate usingizi.

Tangu daktari wa Homa Bay aniambie kwamba virusi vyangu vya homa ya ini vinaweza kudhuru figo pia, si ini tu, najivizia kama mwizi wa ng'ombe. "Ukiona mkojo una povu au miguu imevimba, njoo upesi," alisema. Basi wiki nzima nimeona povu, tena jingi, kila nikiingia choo cha ofisi. Choo cha nyumbani ni cha shimo, hakionyeshi kitu.

Leo nikapeleka mkojo maabara. "Dada, hii ni safi kabisa," mpimaji akasema. "Hilo povu uliliona wapi?"

Kurudi ofisini, nikamkuta Mama Akinyi, msafishaji wetu, akimwaga sabuni ya unga chooni.

"Nyathina, mwanangu, mbona macho yamekutoka hivyo? Wiki hii namwaga kila saa, wakubwa wa kaunti wanakuja!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Virusi bado ninavyo, na hofu pia. Ofisini hakuna anayejua. Nikamwomba tu aniambie kila akimwaga.

"Kwa nini?"

"Napenda harufu yake, mama."