Dole Gumba la Juma

Mjukuu wangu Zaitun,

Nakusalimu kutoka hapa Nakawa. Baba yako bado anapakia mizigo bandarini Port Bell, na goti langu linauma kila mvua ikinyesha.

Umeniuliza kwa nini sikujibu barua pepe yako ya juzi, nikakupigia simu na kukuhoji kama polisi. Barua ile haikuwa na sahihi ya kidijitali uliyonifundisha. Ulisema kufuli ya barua pepe inazuia wengine wasisome, lakini sahihi ndiyo inayoonyesha kwamba aliyeandika ni wewe. Hilo nililijua zamani.

Kabla sijaolewa na babu yako, nilikuwa na mchumba askari, Juma. Hakujua kuandika, wenzake kambini ndio walimwandikia. Kwa hiyo tulikubaliana kila barua aiwekee dole gumba kwa wino, nisipoliona nisiamini. Siku moja nikaletewa barua inayosema ameoa mwingine, nisimtafute. Nilisoma nikilia, nikaichana, vipande nikavitupa sandukuni.

Baada ya miezi miwili dada yake alikuja kuniambia Juma amefia hospitali ya Mulago. Alikuwa amelazwa huko muda wote, akiuliza kila siku kama nimefika. Nikavitoa vile vipande, nikaviunganisha sakafuni. Dole gumba halikuwepo.

Aliyeiandika simjui mpaka leo. Basi usinikasirikie, mama. Barua yako ya juzi niliitafutia sahihi kwanza, kabla ya kusoma hata neno moja.

Ni mimi bibi yako,
Mariam