Kutua Mara Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba
Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi: kuanzia leo mfuniko wa sufuria kubwa ya Mama ni usukani wa ndege. Kigoda ni kiti cha rubani. Ghala la kahawa hapa Namswea ni anga.

Sababu. Ndege ya hospitali iko gereji tangu Juni. Sheria inataka rubani awe ametua mara tatu ndani ya siku tisini, la sivyo hapakii abiria. Mimi sijatua popote. Ijumaa mkaguzi ananipima. Nikishindwa wataajiri mwingine, nami nitabaki na kahawa. Kahawa siipendi. Nimeliandika, basi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeruka saa nzima bila kutoka ghalani. Punguza moto, inua pua, subiri ardhi. Mama akaingia kuchukua magunia, akasimama.
"Mwanangu, hiyo inatua au inachemka?"
"Inatua, Mama."
"Ikishatua ije jikoni. Maharage yangu yanaingia majivu."

Jumatano, 8 Oktoba
Songea. Ndege imerudi, inanuka rangi. Nikazunguka uwanja mara moja, peke yangu, kabla mawingu hayajafunga. Ilidunda mara mbili ndipo ikakubali kukaa. Mfuniko haudundi. Nina hofu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mkaguzi ni mzee mpole, haongei. Hilo ndilo baya.
"Shikamoo."
"Marahaba. Twende ziwani."

Tukavuka milima, mashimo ya ngoro tunamolima chini yetu kama sega la nyuki. Kisha ziwa. Kiwanja cha nyasi karibu na Lundo: mlingoti wa upepo upo, kitambaa chake kimepata kazi nyingine. Akauliza upepo unatoka wapi. Nikaona moshi ufukoni, umeinamia kaskazini. Sisi Wamatengo nyasi tunazifukia ngoroni, kwa hiyo kila moshi nawalaumu watu wa ziwani. Nikajibu kwa kujiamini: wanachoma mashamba, upepo ni wa kusini.

Nikashuka. Moshi ukaanza kuja, wote, pamoja na shina lake. Ukatupiga kiooni kama mvua ya masizi. Nkungu! Vijidudu vya ziwani, vidogo kuliko mbu, vinavyopaa kwa makundi. Mtu wa milimani nilikuwa navisikia tu.

Sikuona uwanja. Nikaongeza moto, nikapanda, nikazunguka upya. Nikatua nikichungulia dirisha la pembeni. Mzee akatoa kalamu. Anaandika.

Mama mmoja akatoka kwenye nyasi na kikapu cheusi kwa nkungu.
"Dada, hao wa kwenye kioo unawatupa?"
"Chukua tu, mama."
"Kitoweo hiki! Mnakipiga tu na midege yenu."
Akawakwangua wote kwa kijiko. Kioo kikabaki safi kuliko kilivyotoka gereji.

Nikatua tena pale, na mara ya tatu Songea. Nilijua nimekwisha. Mzee akafunga kalamu.
"Kwenye moshi umekosea. Lakini hukung'ang'ania kutua. Wengi hung'ang'ania."
Akasaini. Nililia kidogo, chooni.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimerudisha mfuniko. Mama kaugeuza pande zote kwa makini kuliko mkaguzi, kisha akafunika maharage. Nimegeuza kahawa kwenye vichanja mpaka mchana.

Hospitali wamepiga simu. Daktari yuko likizo, hakuna safari.

Zimebaki siku themanini na tisa.