Ndege Nyeupe ya Kocha Ruckert

Orrin, Nebraska
Jumapili, tarehe 30 Novemba

Kwako kaka Emil,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, miguu haijachubuka sana kwa buti, na wakubwa wako wamepunguza kukupigia kelele. Sisi hapa hatujambo. Mama amepona kikohozi. Baba bado anajaza mafuta kwenye ndege kule uwanja wa ndege na kurudi nyumbani akinuka mafuta hayo hayo. Mbwa wako analala kitandani kwako kila siku, na Mama anajifanya hajui.

Kwa kuwa simu zenu zimefungiwa, na huna habari yoyote ya Korongo, timu yetu ya Chuo ya mpira wa Kimarekani, tangu Septemba, naapa leo kukueleza kila kitu kwa mpangilio, bila kuruka hata lile ambalo mkono utakuwa mzito kuliandika. Nivumilie tu, nitalifikia.

Ulipoondoka, timu ilikuwa imecheza mechi tatu. Zilipofika tano tulikuwa tumeshinda moja tu, na Chuo kikamfukuza kocha mkuu siku ya Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Timu ikakabidhiwa kwa Kocha Ruckert, yule yule aliyekufundisha wewe mstari wa mbele, aishike kwa muda huku Baraza la Wadhamini likitafuta mtu. Alikuja na sweta yake ile ya kahawia, wala hakutoa hotuba. Nasikia siku ya kwanza aliwaambia wavue helmeti, wajipange mstari, na kila mmoja ataje jina la mama wa mwenzake aliye kulia kwake. Asiyejua alikimbia kuzunguka uwanja, na walikimbia karibu wote. Wiki ya pili hakukimbia mtu. Kaka, tulishinda mechi nne kati ya tano! Katika moja tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kwa pointi kumi na saba, na tulipogeuza matokeo tukashinda, Baba, mtu unayemjua alivyo, alimkumbatia mgeni aliyekaa mbele yake.

Basi mji mzima ukawa na swali moja: abaki au asibaki? Mimi sasa ninahudumu Jumamosi asubuhi katika mgahawa wa Bi Fern, kwa hiyo nimelisikia swali hilo likipikwa na kupakuliwa. Mzee Gus Pohlman hukaa meza ya dirishani na bakuli lake la supu ya maharage na mkate wake wa mdalasini, na yeye ndiye mkuu wa wasiomtaka. Alisema kocha wa muda ni kama tairi la akiba: linakufikisha gereji, halafu unalirudisha kwenye buti. Bi Fern akamjibu kutoka jikoni kwamba hilo tairi la akiba ndilo lililoitoa timu mtaroni, na hayo matairi yake manne mapya yalikuwa wapi siku zote? Watu wakacheka. Lakini mzee Gus hakukubali. Alisema Ruckert yuko hapa mwaka wa ishirini na mbili, na hakuna chuo hata kimoja kilichowahi kugonga mlango wake kumwulizia. Msichana asiyeulizwa na mtu, kwa nini sisi tukimbilie kumposa? Bi Fern akamwuliza kwani yeye Gus aliwahi kuulizwa na wangapi, maana kila mtu anajua mkewe alimkubali kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na yeye ndiye mwenye gari.

Nilicheka pamoja nao huku nikimimina kahawa, lakini lile neno la mzee Gus lilinikaa moyoni. Niliona kama ndilo lililokuwa likiwazuia hata wadhamini. Hawakumwona mbaya. Walimwona wa bure tu, kama maji ya bomba.

Na unajua mji wetu ukitafuta kocha unavyokuwa. Hakuna anayetazama mawingu. Kila mtu anatazama namba za mikia ya ndege. Wazee wanafuatilia kwenye simu zao ndege gani imetoka wapi, na nani ameshuka. Hukumbuki mwaka ule walipoifuata ndege ya muuza mbegu mpaka Omaha, wakiapa kwamba imembeba kocha kutoka Texas? Safari hii ilikuwa vivyo hivyo. Ule ukumbi wa mashabiki mtandaoni, Mnara wa Nafaka, ulijaa namba za ndege kuliko habari za mpira.

Sasa nakuja kwenye wiki ya mechi ya mwisho, ile dhidi ya timu ya Dunmore. Alhamisi jioni mtu mmoja anayejiita Jirani Mwema aliandika katika Mnara wa Nafaka kwamba siku hiyo, saa saba na dakika kumi mchana, Kocha Ruckert alionekana akipanda ndege ndogo nyeupe yenye mstari wa buluu hapa kwetu Orrin. Akaiweka namba ya mkia. Akasema ndege hiyo imeandikishwa katika mji fulani wa Minnesota wenye chuo kikubwa kisicho na kocha, na kwamba wanaomtaka Ruckert wafanye haraka kabla hajachukuliwa. Na kweli siku hiyo Kocha hakuwapo mazoezini, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Hakuna aliyefanya haraka, kaka. Watu walikasirika. Walisema anatuacha siku mbili kabla ya Dunmore. Walisema alikuwa akitutumia kama ngazi. Mzee Gus aliandika kwamba tairi la akiba limejing'oa lenyewe na linabingirika kuelekea gari la jirani, na maneno hayo yakasambaa mpaka kwa watoto wa shule. Mwandishi wa gazeti alimpigia Kocha simu. Alijibu kwamba lilikuwa jambo la familia, akashukuru, akakata. Watu wakazidi kucheka, maana makocha wote wanaoondoka husema hivyo hivyo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wanafunzi wa Chuo walikuwa wamegawa karatasi nyeupe langoni, rundo kwa rundo, na Kocha alipotokea na timu, watu walisimama, wakamzomea na kumrushia ndege za karatasi. Zilikuwa nyingi mno. Zilianguka kwenye nyasi, kwenye mabenchi, nyingine zikampiga begani. Yeye alitembea tu kama mtu anayepita kwenye theluji. Wachezaji walikuwa wakimtazama yeye badala ya kutazama mpira. Tulifungwa thelathini na nne kwa sita. Nahodha alipoulizwa baadaye, alisema ni vigumu kujitupa ukutani kwa ajili ya mtu ambaye tayari amefunga mizigo.

Jumatatu Baraza likatangaza kwamba litapiga kura tarehe 11 Desemba. Gazeti linasema wadhamini wako tisa, na sita kati yao walikuwa upande wake kabla ya Alhamisi ile. Sasa wamebaki wawili.

Jumatatu hiyo hiyo jioni Kocha alikuja hapa nyumbani. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Alikuwa amevua kofia na ameishika kwa mikono miwili, akaniambia nimekua, akauliza kama ninaweza kumpatia anwani yako ya kambini. Alisema huwaandikia vijana wake wote walio jeshini, na mwaka huu amechelewa. Akanipa karatasi aliyokwisha kuiandika, ili niiweke ndani ya bahasha yangu, kuokoa muda. Imo humu, sijaifungua. Akacheka kidogo, akasema nikuambie mguu wako wa kushoto bado mvivu, na kwamba hao wanajeshi wakiweza kuunyoosha watakuwa wamefanya alichoshindwa yeye. Nilimkaribisha ndani, akasema kuna mtu anamsubiri nyumbani. Sikuweza kumtazama usoni, kaka, na utaona sababu.

Siku iliyofuata Bwana Dorrance, msimamizi wa uwanja wa ndege, alimwita Baba ofisini. Unajua sheria yao: kinachopandishwa ndegeni hakisemwi nje ya uzio. Bwana Dorrance alisema habari ya ndege ile ilitoka uwanjani, na kwamba siku ile mtu wa nje aliyeonekana uzioni alikuwa mmoja tu, binti Kucera, aliyemletea babake chakula. Baba alitusimulia mwenyewe mezani, wala hakuwa na wasiwasi. Alisema amemjibu hivi: "Binti yangu akiona jambo hulileta mezani kwangu. Halipeleki barabarani. Ikionekana vinginevyo, usinifukuze. Nitaweka funguo mezani kwako mwenyewe, niondoke." Kisha akaniomba nimpitishie viazi.

Halafu ikaja Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani. Tulizunguka meza kama kawaida, kila mtu akitaja anachoshukuru. Mama alishukuru kwamba unapata chakula cha moto. Mimi nilisema nashukuru kwa afya yetu. Baba akasema anashukuru kwamba Mama amekuja mezani kwa miguu yake mwenyewe. Alisema wiki iliyopita alimbeba mwanamke mikononi na kumpandisha ndegeni, na alikuwa mwepesi kuliko gunia la mbegu. Rubani ni mtu wa kujitolea, anawapeleka wagonjwa hospitali bila malipo. Mama akauliza ni nani huyo. Baba akasema hataji jina la mtu, na mwenyewe ameomba mji usijue, kwa sababu hataki mumewe apewe kazi kwa kuonewa huruma. "Ila mumewe alikosa mazoezi kwa ajili hiyo," akasema, "na sisi tukamrushia karatasi." Hapo akajua amesema kupita kiasi, akachukua kisu akaanza kukata nyama iliyokwisha kukatwa.

Bi Lorna Ruckert, kaka. Yule aliyekutengenezea keki ulipovunjika kidole.

Sasa nimefika. Jirani Mwema ni mimi.

Alhamisi ile tulitoka shule mapema kwa sababu ya vikao vya wazazi, nami nikampelekea Baba chakula alichokisahau. Nilisimama uzioni. Nilimwona Kocha akiinama kuingia katika ile ndege nyeupe. Mkewe alikuwa ameshapandishwa. Sikumwona, wala sikujiuliza kama kuna wa kuonwa. Nilinakili namba ya mkia kwenye kiganja changu kama wanavyofanya wazee, nikafika nyumbani nikaitafuta, nikaona Minnesota, nikaona chuo kisicho na kocha, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nilifikiri: haya, sasa ameulizwa. Nilifikiri wadhamini wakisikia kuna mwingine amegonga mlango, wataamka wamshike. Niliandika nikitaka abaki. Naomba uliamini hilo, ingawa najua halinisafishi.

Kwa sababu hayo siyo yote. Watu walipoanza kumtukana, ningeweza kusema kwamba nimeona mtu akipanda ndege na mengine nimeyabuni. Sikusema. Nilifuta maneno yangu Ijumaa asubuhi, lakini yalikwisha kunakiliwa kila mahali. Na kabla ya kuyafuta, nakiri, nilihesabu watu walioyasoma, nikajiona mkubwa.

Na Jumamosi ile kwenye mechi, aliyekaa karibu nami alinisukumia karatasi. Niliogopa kwamba nikikaa kimya wataniona. Nikaikunja, kaka. Niliikunja vizuri, ile mikunjo uliyonifundisha wewe, nikairusha. Nikazomea pia. Yangu ilifika mbali kuliko nyingi, na watu waliokuwa nyuma yangu wakanipigia makofi.

Tangu Alhamisi ya Shukrani nimekuwa nikifikiri nifanye nini. Nataka kuwaandikia wadhamini kwa jina langu kamili kabla ya tarehe 11, niwaambie kwamba habari ya chuo cha Minnesota kumtaka Kocha niliitunga mimi. Bado naona njia ndogo: watu wanne waliobadili mawazo kwa uongo wangu wanaweza kuyabadili tena kwa ukweli. Lakini wataniuliza ndege ile ilikuwa ya nini, na siri ya Bi Lorna si yangu kuitoa. Kwa hiyo lazima kwanza niende kwa Kocha nikamwombe anielekeze niseme nini. Na siku nitakaposema, Bwana Dorrance naye atasikia, na Baba ameahidi funguo zake. Wewe unajua Baba akiahidi.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Baba anakusalimu pia. Yuko sebuleni, anatazama mechi ya watu wengine na sauti ameizima. Bi Fern anasema kiti chako kipo, na hata mzee Gus ameniuliza mara mbili kama unakula. Mungu akulinde, akurudishe salama.

Nijibu siku hiyo hiyo utakayoipata barua hii, tafadhali, maana tarehe inakimbia. Nikimwambia Baba kwanza, namjua, atavaa koti aende kwa Dorrance kusema ni yeye aliyetoa siri, na mimi atanikataza nisiende popote. Nikienda kwa Kocha kwanza, Baba atakuwa wa mwisho kujua kwamba binti aliyemtetea mbele ya Dorrance ndiye aliyetoa habari. Wewe umekuwa mtoto wa mmoja na mchezaji wa mwingine: ungekuwa mimi, ungeanza na nani?

Dadako akupendaye,
Adela