Ukuta wa Jikoni kwa Bibi

Alabama,
Jumanne, 14 Oktoba

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza maumivu na baridi haijaanza kukusumbua kifua. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini ni vumbi la mbao ninalorudi nalo kwenye nguo. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi akija kesho, maana kwenye simu unanijua: nasema “ndiyo, Bibi” mara tatu halafu nanyamaza.

Huu ni mwezi wa nne tangu nimalize shule na kuingia kiwandani, kule zinakotengenezwa nyumba za kubebwa na lori kama yako. Mjomba Harlan bado ananitania kwamba tunajenga maboksi ya viatu kwa gundi, na kwamba siku upepo ukivuma utaamka Georgia na kikaango mkononi. Mwambie sakafu zetu zinapakwa gundi kisha zinapigwa skrubu, na kuta zinafungwa kwa mikanda ya chuma, kwa sababu nyumba yenyewe lazima ikimbizwe barabarani maili mia kabla mtu hajalala ndani. Nyumba yake haijawahi kuvuka hata uwanja, na mlango wa choo haufungiki.

Mimi niko kituo cha nne. Nyumba inasukumwa kutoka kituo hadi kituo, na ikifika kwetu kuta zimesimama mifupa mitupu, waya za umeme zimepita kwenye matundu ya nguzo za mbao. Kazi yangu ni kugongelea kibati cha chuma mbele ya kila tundu, ili msumari wa mtu usije ukaifikia waya. Kituo cha tano ndio wanaofunika kwa mbao za jasi. Bi Ruthanne aliyenifundisha ana miaka ishirini na sita pale. Aliniambia mimi ndiye mtu wa mwisho kuuona ukuta ukiwa uchi, basi niukague kama bwana harusi. Wanaume wakacheka, nami nikawa mwekundu hadi shingoni.

Nyumba yako ilifika kwetu Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti. Ijumaa, idadi ya nyumba za wiki ikitimia, watu wanaruhusiwa kwenda hata kama ni saa saba mchana, na siku hiyo kulikuwa na mechi ya shule. Msimamizi wetu, Dewayne, alikuwa akizunguka akipiga makofi, akiuliza kama tunataka kula Krismasi mle ndani. Lakini walijua nyumba ni ya nani. Pale kuna desturi: nyumba ikiwa ya ndugu wa mfanyakazi, huyo anaandika jina lake kwenye nguzo kabla ukuta haujafungwa. Bi Ruthanne akanipa penseli yake, akaniambia nisiwe na haya, niandike vizuri.

Jana Mama alisema Mjomba Harlan anakuja kwako Jumamosi na drili, kukutundikia rafu ya vikaango kwenye ukuta kati ya jiko na chumba chako. Nilikuwa nakula. Niliisukuma sahani.

Bibi, huo ndio ukuta niliouandika. Na sikuandika jina tu. Nilichora yale maua yako ya zambarau ya kando ya ngazi, jani kwa jani, hadi king'ora kikalia na nyumba ikasogea. Vibati kumi na kimoja vilikuwa bado kwenye mfuko wa aproni yangu. Nilikimbilia kituo cha tano, nikakuta ubao wa kwanza umeshapanda. Nikafungua mdomo. Dewayne akaniuliza nimepoteza nini, binti. Watu wote wakageuka kunitazama, tayari wameshika funguo za magari. Nikasema sijapoteza kitu.

Mkaguzi alipopita, alikuta ukuta umefungwa na umenyooka. Nawe umelala upande wa pili wa ukuta huo wiki sita. Vibati viko kwenye droo yangu, chini ya soksi.

Tafadhali usigonge hata msumari wa picha ya Babu. Zima umeme wa ukuta huo mara tu upatapo barua hii, Mama atakuonyesha swichi. Leo asubuhi nilimwambia Dewayne mbele ya wote. Hakunifokea. Alivua kofia, akaniuliza ni nyumba ngapi nyingine. Nikasema hakuna. Alinitazama muda mrefu, na nikaona hajui kama aniamini. Wataleta mafundi Alhamisi kuufungua ukuta, nami nitakuja nao na vibati vyangu.

Wakibandua jasi utayaona maua. Chini yake kuna maneno niliyoandika kwanza, kabla sijagusa nyundo, nikijua hutayasoma kamwe. Yanasema: “Bibi, hapa nimekaza mwenyewe. Lala salama.”

Nisalimie Mjomba Harlan, na umwambie anitanie apendavyo. Usinipikie mkate wa mahindi Alhamisi. Nitakula siku nyingine, ukinialika.

Mjukuu wako,
Delphie