Treni Ikisimama Riruta

Jumatano, manyunyu tangu alfajiri. Baridi hii ya Julai imekaa Riruta kama mgeni asiyejua kuaga, na bado nimefungua dirisha, maana nikilifunga nitapasuka. Nimekunywa chai mara mbili. Nimeanza kushona sketi ya shule, nikapiga pindo upande wa nje, nikafumua, nikaacha. Leo cherehani inisamehe.

Treni imesimama Riruta.

Naandika tena kwa sababu bado sijaamini: treni imesimama Riruta, mlango ukafunguliwa, na watu wetu wakapanda.

Miaka yote niliyoishi hapa, treni ya asubuhi kutoka Kikuyu imekuwa ikitupita tu. Inapiga honi, unaona watu wameketi madirishani na simu zao, halafu inaenda zake mjini. Jukwaa tunalo, la zamani, limeota nyasi kwenye nyufa, lakini treni haikuwa na habari nalo. Mwaka huu tukasema basi. Reli ni ya serikali, na serikali, kama anavyopenda kusema mwenyekiti wa kamati yetu ya mtaa, Mwalimu Njoroge, ni sisi wenyewe tukiwa tumevaa tai. Tukaandika barua, tukakusanya sahihi, tukapeleka, tukafuatilia. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo ukisoma "tukaandika" ujue ni mimi.

Mwezi uliopita shirika la reli likatutumia afisa wa ratiba, Bwana Mutiso, mtu mwembamba, mpole, mwenye saa kubwa mkononi. Akatueleza kikaoni kwamba reli ni moja na treni zinapishana kwa zamu, kwa hiyo kila kituo kina muda wake, na kituo kimoja kikichelewesha kinachelewesha wote. Angekuja kupima. Treni ingesimama siku mbili, Jumanne na Jumatano, aone tunavyopanda. Mtu akauliza tutapewa muda gani. Akajibu, "Vituo vidogo vingi ni kama dakika moja hivi."

Jameni! Angejua alichokifanya.

Mnatujua sisi na mitihani. Mtu akitaja muda na kupimwa kwa pumzi moja, tushatafuta kalamu. Mwalimu Njoroge alifundisha hesabu maisha yake yote mpaka akastaafu, na niliona macho yake yakiwaka palepale. Dakika moja ndiyo alama ya kupita. Tukizidisha tumeanguka, na treni itaendelea kutupita mpaka kiama. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kesho yake jioni tulikuwa tayari tunafanya mtihani wa majaribio.

Wee! Mngetuona. Ngazi ya kanisa ndiyo ilikuwa behewa. Mwalimu alichora milango mitatu kwa chaki, akatupanga mistari mitatu, akapuliza filimbi. Kanuni zilikuwa zake peke yake: hakuna mizigo, hakuna mtoto mgongoni, hakuna kusalimiana mlangoni. "Salamu mtazitoa mkishaketi!" Siku ya kwanza tulikaa pale ngazini karibu dakika tatu, kwa sababu akina mama wawili hawakuwa wameonana tangu Jumapili na habari zilikuwa nyingi. Mwalimu alituita darasa la wavivu. Baada ya wiki mbili tulikuwa tunaipanda ngazi ile kwa sekunde arobaini, na chini ya hapo akitukasirisha. Siku moja pasta alitoka mbio akauliza kama kuna moto.

Halafu Mwalimu akaanza kuchuja. Akabakisha watu thelathini wenye miguu, kwa maneno yake. Wazee, waja wazito na wenye magunia waliombwa kwa heshima zote wabaki nyumbani siku za kupimwa, wasije wakatuangusha. Mimi ndiye niliyeandika majina. Sikupinga hata kidogo. Niliona Mwalimu ana akili sana.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolikwepa tangu nianze kuandika.

Mama yangu anaishi nami. Mwaka jana aliteleza bafuni hapa plotini, kwenye nyumba zetu hizi za kupanga, akavunjika nyonga. Upasuaji ulienda vizuri, kisha akapangiwa mazoezi ya mguu katika hospitali moja kule Parklands, mara tatu kwa wiki. Magari ya abiria ya Barabara ya Naivasha mama hayawezi. Makanga anataka uruke ndani gari limeshaanza kuondoka. Teksi ya kwenda na kurudi mara tatu kila wiki siiwezi, mimi fundi wa sketi. Miezi miwili sasa hajaenda. Daktari wake wa mazoezi aliniambia kwenye simu bila kuzungukazunguka: mguu ukiachwa hivyo utakakamaa, na mama hatatembea tena peke yake. Lakini treni ikisimama Riruta, mama anaketi kwenye kiti chake mpaka mjini, kisha ni teksi fupi tu. Barua yote ile, sahihi zote zile, mwenzenu nilikuwa nautafutia mguu huo mmoja usafiri.

Mama naye alijua. Jumatatu jioni alipiga pasi gauni lake la kanisani. "Kesho nami napanda," akasema. Nikamweleza habari za dakika moja. Nikamweleza tena. Akasema, "Nimekusikia. Napanda." Huyu mama alilima shamba kule Vihiga na kulea watoto sita kwa jembe hilohilo, akishakata shauri humwambii kitu.

Basi jana asubuhi, akiwa bado amelala, nilichukua mkongojo wake nikauficha nyuma ya kabati la vitambaa.

Ndivyo nilivyofanya.

Nilijiambia ni kwa faida yake. Akija tutazidisha dakika, tukizidisha treni haitasimama, na treni isiposimama atakayeumia ni yeye. Hesabu ilikaa sawa kabisa, hata Mwalimu angeipigia tiki. Nikafunga mlango polepole nikakimbilia jukwaani roho juu. Na niseme ukweli, wakati ule sikuwa na aibu yoyote. Nilikuwa na furaha tupu.

Treni ikaja. Ikapunguza mwendo. Ikasimama! Mwalimu hakuthubutu kupuliza filimbi mbele ya afisa, akainua mkono tu, nasi tukapanda mistari mitatu, hakuna bega lililogusa bega. Sekunde thelathini na nane. Tukakumbatiana, tukapigiana makofi, mtu akaanzisha wimbo wa shukrani. Mwalimu alitoa leso akajifuta macho. Abiria waliotoka Kikuyu walitutazama wakidhani tunaenda harusini.

Bwana Mutiso hakuandika kitu. Alipita katikati ya viti akitutazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akauliza, "Nyote mnaishi Riruta?"

"Sote!" Mwalimu akajibu kwa fahari.

"Na wazee wenu wanaishi wapi?"

Wimbo ukakatika. Mwalimu akamweleza, bado kifua mbele, jinsi tulivyofanya mazoezi na jinsi tulivyochagua watu ili tupite. Bwana Mutiso alimsikiliza mpaka mwisho. Sidhani alikuwa amekasirika. Alionekana kama mtu anayetafuta maneno ya kutomvunjia mzee heshima.

"Mwalimu, mimi sikuwaletea mtihani," akasema. "Nimekuja kujua treni ingoje hapa kwa muda gani. Nikiandika sekunde arobaini, dereva atapewa sekunde arobaini, kesho na mwaka ujao, kisha mlango unafungwa. Anayetembea polepole ataiona ikiondoka." Akafunga daftari lake. "Kesho nileteeni Riruta. Leo mmeniletea wanariadha."

Niligeuka nikatazama nje dirishani nisionwe uso. Kidogo tu ningemfungia mama yangu mlango, kila siku, tena kwa idhini ya serikali, na barua yenye sahihi yangu juu yake.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama ameketi kitandani na gauni lake la kanisani, amevaa na viatu. Alikuwa amevaa hivyo tangu asubuhi. Sikungoja aulize. Niliutoa mkongojo nyuma ya kabati, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia yote, hata ile hesabu yangu. Nililia mpaka kamasi. Mama hakupaza sauti. Angenigombeza ningepata nafuu.

"Nilikuita," akasema. "Halafu nikaisikia treni ikisimama, nikajua umeenda."

Alikuwa akiupapasa mguu wake, ule mbaya, kama anavyofanya ukimuuma. Mwishowe akauliza, "Kesho inafika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, mama."

"Basi niamshe saa kumi na moja. Na huyo mwalimu wako umwambie, akinipulizia filimbi naimeza."

Aki leo! Nianzie wapi? Tulifika jukwaani mapema tukakuta Riruta yote imesimama kwenye manyunyu. Mwalimu Njoroge alikuwa amezunguka mlango kwa mlango jana jioni, nyumba zilezile alizozikataza, akiomba radhi na kuwaalika watu. Haikumjia rahisi, niliisikia sauti yake pale kwa jirani, ikikwaruza. Leo alikuwapo mzee wa kinyozi anayeona kwa jicho moja, mjamzito wa plot ya nyuma, mwanamume na gunia la sukuma wiki, mama wa maandazi na ndoo zake mbili. Na watoto mgongoni, wa kutosha. Tukasalimiana mpaka honi ikasikika.

Kondakta wa treni alishuka na ngazi fupi ya mbao, akaiweka chini ya mlango. Kumbe ngazi ilikuwapo hata jana, ila jana hakuna aliyeihitaji.

Mama akasogea. Mguu mzima kwanza, ndivyo alivyofundishwa hospitalini. Akashika chuma cha mlango kwa mkono mmoja, mkongojo kwa mwingine, akapanda kidato cha kwanza, akapumua. Nilikuwa nyuma yake na mikono nimeitandaza bila kumgusa, maana alinikataza. Mwalimu alikuwa kando yangu akinong'ona kitu, nikadhani anahesabu sekunde. Nikasikiliza vizuri. Alikuwa anasali. Kidato cha pili. Cha tatu. Kufika mlangoni mama akasimama, akamgeukia kondakta, jamani, akamsalimia. "Hujambo, baba? Na kwenu wote wazima?" Kondakta naye kijana wa watu akajibu salamu mpaka mwisho, pamoja na ya mama yake mzazi aliyeko Butere. Mimi nyuma nilikuwa nakufa. Treni nzima inangoja, na mama yangu anauliza kama mvua imenyesha Butere!

Akaketi. Dirishani. Akalainisha gauni magotini.

Bwana Mutiso akangoja mpaka gunia la mwisho liingie, akatazama saa, akaandika. Treni ikapiga honi, Riruta ikaanza kurudi nyuma, na mama akaanza kucheka. Kicheko cha chinichini kwanza, kisha cha wazi, mpaka mzee wa kinyozi akaambukizwa, mpaka behewa zima. Hakuna aliyejua tunacheka nini. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja na sikujali nani ananiona.

Kituo kikuu cha mjini Bwana Mutiso alikuja kutuaga, akanionyesha daftari kama katibu. *Riruta: dakika mbili na nusu.* Watapanga upya zamu za kupishana, akasema, na tunaanza rasmi Jumatatu, asubuhi na jioni. Mwalimu alisoma mstari ule mara tatu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama hiyo ni alama nzuri. Nikamwambia ndiyo, Mwalimu, tumepita.

Parklands tulipokelewa kwa karipio, miezi miwili yote hiyo mlikuwa wapi. Daktari wa mazoezi aliukunja mguu, mama akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye foleni, kisha daktari akaukunja tena, akapima, akatikisa kichwa. "Mmechelewa," akasema, "lakini bado tumewahi. Asikose tena."

Bado tumewahi! Nimelirudia neno hilo njia nzima ya kurudi Riruta kwenye teksi, maana treni ya jioni bado haijaanza kutusimamia, mpaka mama akaniambia ninyamaze, nampigia kelele.

Hajasema amenisamehe, nami sijamuuliza. Amekula, amelalamika kwamba ugali ni laini mno, ameniagiza nisichelewe kumwamsha Jumatatu. Sasa anasinzia kwenye kiti na mguu umeinuliwa juu ya stuli. Nafikiri msamaha wangu nitautafuta hapohapo, saa kumi na moja asubuhi, mara tatu kwa wiki, kwa maji ya moto na viatu vilivyokwisha kupigwa rangi.

Lakini lile daftari haliniondoki kichwani. Sisi wenye miguu tunahitaji sekunde thelathini na nane. Hilo lilipimwa jana, mbele ya mashahidi. Zinazobaki zote ni za mama yangu na wenzake. Kuanzia Jumatatu, hata siku ambayo yeye hasafiri, sisi tutakuwa tumeshapanda na kuketi, na treni ya serikali na mamia ya abiria wake itaendelea kusimama pale jukwaani, mlango wazi, ikiungoja mguu wa mama yangu.