Waya niliorudisha pasipo pake

Shoga, uko? Nimeunguza rimoti ya darubini ya baba mkubwa.

Ile anayopigia picha za nyota. Rimoti ina waya wa kuiunganisha na kompyuta, ili kompyuta iisogeze darubini polepole ifuate nyota, picha isitoke na ukungu. Asubuhi nilichomoa nyaya nifute vumbi. Matundu ya kuchomekea yanafanana kama mapacha! Nikarudisha waya pale ulipokubali kuingia.

Sasa hivi amewasha ajaribu. Pap! Moshi.

Na unajua kasema nini? "Nimechomeka vibaya mwenyewe." Mwenyewe! Na mimi nimesimama pale na tambara mkononi, kimya kama maji ya mtungini.

Mama mkubwa akacheka: "Waya wa mezani huuoni, nyota za mbinguni utaziona wapi?"

Yeye hakucheka. Akavua miwani, akaniambia, "Mwanangu, macho yamenitupa mkono. Nisaidie kuipakia darubini kwenye boksi. Haya mambo basi tena."

Basi tena! Macho yake mazima, shoga. Mabovu ni haya yangu yaliyoshindwa kumtazama.

Nimesema nafuata selotepu. Niko stoo nakuandikia.

Rimoti labda itatengenezeka. Lakini yeye akiamini amekuwa kipofu kwa sababu ya kimya changu, hilo fundi gani atalitengeneza?

Nasikia anaburuta boksi. Usinijibu. Selotepu naiacha hukuhuku stoo, naenda kumwambia.